Jiwe linalolia na jiwe linalonyamaza: umbile la mwamba na nguvu ya mawe ya kujengea

Mwashi mzoefu wa Moshi akishushiwa tripu ya mawe haangalii rangi kwanza. Huokota jiwe moja, hulikalisha juu ya jingine, kisha huligonga kwa nyundo na kusikiliza. Lipo jiwe linalotoa mlio mkavu na mwembamba, unaokaribia ule wa kengele. Lipo linalotoa sauti nzito na fupi, kama ya kugonga boga. Na lipo linalokwaruza sauti kama chungu chenye ufa. La kwanza hutengwa kwa ajili ya msingi, la pili kwa ajili ya ukuta, na la tatu hurushwa kwenye kifusi cha kujazia chini ya sakafu. Siku moja, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Majengo, nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa katika kazi hiyo na kumuuliza anasikiliza nini. Aliitikia marahaba, akagonga tena, akasema, "Nasikiliza kama limeshikana."

Hakusema kama ni gumu, wala kama ni zito. Alisema kama limeshikana, na neno hilo ndilo lililo sahihi zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa nguvu ya jiwe hutokana na kitu kilicholiunda. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Unga ule ule wa ngano hutoa chapati na hutoa andazi, na hakuna anayeshangaa kwamba moja huvutika na jingine humomonyoka. Vivyo hivyo, uji ule ule wa moto unaotoka tumboni mwa volkano unaweza kuwa jiwe jeusi linalorusha nyundo nyuma, jiwe lenye matundu kama sifongo, au jiwe la rangi ya majivu linalochongeka kwa patasi. Ukiyapima madini yake maabara unaweza kukuta yanafanana sana, ilhali nguvu zake zinapitana mara ishirini au zaidi. Tofauti iko kwenye umbile, yaani ukubwa wa chembe za jiwe, sura zake, namna zinavyoshikana, mwelekeo zilikolalia, na matundu na nyufa zilizobaki kati yake.

Wakazi wa Arusha na Moshi wana bahati na shida kwa pamoja katika jambo hili. Arusha imekaa chini ya Mlima Meru, wenye mita 4,566, ambao ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910; Moshi iko kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895 ambao kwa hakika ni volkano tatu zilizobebana, Shira, Mawenzi na Kibo. Milima hii imemwaga zaha, yaani lava, imetapika majivu, na imeporomosha matope na mawe hadi mbali. Upande wa mashariki wa Meru ulianguka wote zamani za kale na kuutandaza mlima hadi Momella. Kwa hiyo korongo moja huweza kuwa na kila aina ya jiwe, na lori moja likaleta mawe ambayo hayapaswi kukaa katika ukuta mmoja. Hata mkondo mmoja wa zaha haufanani juu na chini: mapovu ya gesi hupanda na kunaswa karibu na uso, hivyo juu panakuwa na matundu, ilhali katikati, ambako joto lilikaa kwa muda mrefu na gesi ikapata nafasi ya kutoka, jiwe huwa zito na limeshiba. Wachimbaji hulijua hilo bila kufundishwa. Huondoa tabaka la juu na kutafuta moyo.

Tuanze na ukubwa wa chembe, kwa kuwa hapo ndipo fumbo lilipo. Mtu angetarajia kuwa jiwe lenye fuwele kubwa, zinazong'aa na kuonekana kwa macho, liwe na nguvu kuliko lile ambalo chembe zake hazionekani kabisa. Mambo ni kinyume. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, Alan Arnold Griffith, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kioo. Alitaka kujua kwa nini vitu vigumu huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko ile inayotabiriwa na mvutano wa atomu zake. Jibu lake lilikuwa kwamba kila kitu cha namna hiyo kina nyufa ndogo, na kwamba nguvu unayokitia haisambai sawasawa, bali hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Muuza vitambaa anajua kanuni hii vizuri. Hakati kitambaa chote kwa mkasi. Hutia mkato mdogo pembeni, kisha hushika pande mbili na kuvuta, na kitambaa ambacho hapo awali kisingechanika kwa mikono kinaachia chote kwa mstari mmoja. Griffith alionyesha pia kuwa urefu wa ufa una hesabu yake: ufa ukirefuka mara nne, nguvu ya kitu hupungua hadi nusu.

Sasa, nyufa za jiwe ziko wapi? Ziko kwenye mipaka ya chembe na chembe, na ndani ya chembe zile ambazo kwa asili hupasuka kwa tabaka, kama feldspa, madini yanayopatikana katika mawe mengi. Maana yake ni kwamba ufa wa kawaida ndani ya jiwe una urefu unaolingana, kwa kadiri, na ukubwa wa chembe. Jiwe la fuwele kubwa limezaliwa na nyufa ndefu. Jiwe la chembe ndogo limezaliwa na nyufa fupi, na kila ufa unapotaka kusonga mbele hukutana na mpaka mwingine, ukalazimika kupinda, kutawanyika au kusimama. Ndiyo sababu basalti iliyoshiba, lile jiwe jeusi la zaha ambalo chembe zake huzioni bila lenzi, huweza kuhimili megapaskali 150 hadi 300 inapobanwa, wakati matale, yaani graniti, yenye chembe unazoweza kuzihesabu kwa kidole, huwa mara nyingi kati ya 100 na 250. Megapaskali moja, kwa asiyeizoea, ni karibu sawa na kuweka uzito wa kilo 10 juu ya kila sentimita moja ya mraba.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja. Jiwe linapobanwa halifi kwa kupondwa, hufa kwa kupasuka. Nyufa zilizolala karibu na mwelekeo wa mzigo hufunguka kwa pembeni, zikaungana moja na nyingine, mwisho jiwe likagawanyika wima kama gogo la kuni. Hivyo hata katika kubanwa, kinacholishinda jiwe ni mvutano, na jiwe linapovutwa moja kwa moja huwa na takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu lililonayo linapobanwa. Mtu anayetandaza jiwe refu juu ya mlango badala ya kumwaga lenta yenye nondo anaitegemea ile sehemu moja ya kumi, kwa sababu upande wa chini wa jiwe hilo unavutwa muda wote.

Ipo namna nyingine ya kuongeza nyufa, nayo ni mikono yetu. Mahali pengi, mwamba usiopasuka kwa nyundo huwashiwa moto juu yake hadi upasuke. Kazi hufanyika kwa sababu kila aina ya madini hutanuka kwa kiasi chake, na katika jiwe la mchanganyiko chembe jirani husukumana hadi zikaachana. Tatizo ni kwamba haziachani pale tu anapotaka mchimbaji. Kipande kinachotoka motoni kinaweza kuonekana kizima huku ndani kimejaa nyufa zisizoonekana, na baruti inayotiwa bila kipimo huacha madhara ya namna hiyo hiyo. Hayo ndiyo mawe yanayokwaruza sauti, na fundi anapoyatupa hafanyi ubaguzi usio na maana.

Ukubwa wa chembe, hata hivyo, hausemi kitu kama chembe zenyewe hazijashikana, na namna za kushikana ni mbili. Katika zaha iliyopoa taratibu kiasi, fuwele hazikupangwa na mtu. Zilikua zikinyang'anyana nafasi. Vijiti vya feldspa vilianza mapema, kisha piroksini, madini mengine ya rangi nyeusi, ikaja ikajaza mianya na hata kuvimeza baadhi yake, hadi pasibaki nafasi. Ukipishanisha vidole vya mikono miwili na kuvikaza utapata picha ya jiwe hilo: huwezi kutenganisha mikono bila kuvunja kidole. Namna ya pili ni ya kashata. Karanga zilikuwepo kwanza, kila moja kivyake, na sukari ikaja baadaye kuzigandisha. Nguvu ya kashata ni nguvu ya sukari, si ya karanga. Mawe ya mchanga yako hivyo, na hayo ndiyo yanayowachanganya watu, kwa kuwa mchanga wenyewe ni mgumu sana. Lakini kama gundi yake ni silika jiwe huwa imara, kama ni chokaa huwa la wastani, na kama ni udongo wa mfinyanzi halifai kuachwa mvuani.

Tufu, lile jiwe la rangi ya majivu, ni ndugu wa kashata. Limetokana na majivu ya volkano na vipande vidogo vya kioo na pumisi, yaani povu la zaha lililoganda, vilivyotua, vikarundikana, kisha vikagandishwa na madini yaliyoota katikati yake maji yalipopenya. Nguvu yake kwa kawaida huwa megapaskali 5 hadi 30, ingawa yapo mawe ya tufu yaliyo chini na juu ya hapo. Yale ya juu mara nyingi ni yale ambayo majivu yake yalitua yangali na joto kali, kiasi kwamba vipande vya kioo vililainika na kuungana vyenyewe kabla ya kupoa. Hapo gundi na karanga vimekuwa kitu kimoja. Sehemu kubwa ya mawe ya kuchonga yaliyoijenga Nairobi ni ya jamii hii ya tufu.

Matundu nayo yana hesabu yake, na ni hesabu kali kuliko watu wanavyofikiri. Jiwe lenye matundu ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake halipotezi sehemu moja ya kumi ya nguvu. Hupoteza zaidi, kwa sababu kila tundu huusukuma mzigo upite pembeni yake, na kuta nyembamba zilizobaki kati ya tundu na tundu hubeba kile ambacho tundu halikubeba. Sura ya tundu pia ina uzito. Povu la mviringo hugawa mzigo kwa upole, wakati mwanya mwembamba wenye ncha kali hufanya kazi kama ule mkato wa mkasi. Ndiyo maana jiwe la matundu ya mviringo, hata likionekana limeoza kama kitumbua, linaweza kulishinda jiwe lisilo na tundu lolote lakini lenye nyufa nyembamba kama unywele. Na wakati mwingine matundu hayo hujazwa baadaye na madini meupe. Yakijaa vizuri, jiwe hurudishiwa sehemu ya nguvu yake.

Kuhusu fuwele kubwa zilizozama katika uji wa chembe ndogo nitasema kwa kifupi, ingawa Kibo ina mfano unaojulikana duniani: zaha yenye feldspa kubwa zilizokatika kama msambamba, zinazopaka nyota kwenye uso wa jiwe jeusi. Jiwe la namna hiyo lina sura ya makande, maharage makubwa ndani ya kitu laini. Ni zuri mno kwa kupamba, na lina nguvu ya kutosha, ila mara nyingi hupasukia kwenye yale maharage, na mchongaji anayetaka ukingo mkali atahangaika nalo.

Nirudi kwenye mlio. Miongoni mwa mawe ya Meru na Kilimanjaro limo moja linaloitwa fonoliti, jina lililotungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe. Liliitwa hivyo kwa sababu kibao chake kikigongwa hulia. Mlio huo si muujiza. Sauti ni mtikisiko unaosafiri kutoka chembe hadi chembe, na katika jiwe lililoshikana husafiri kilomita 5 au hata 6 kwa sekunde, likiendelea kutikisika kwa muda. Katika tufu lenye matundu mengi husafiri kwa mwendo wa nusu ya hapo au chini yake, na mtikisiko humezwa kwenye mianya kabla haujarudi sikioni. Maabara hutumia kanuni hiyo hiyo, kwa chombo chenye umeme, kukadiria nguvu ya jiwe bila kulivunja.

Lakini fonoliti ina tabia nyingine inayodai umakini. Ilipokuwa ikitiririka, vijiti vyake vya feldspa vililala kuelekea upande mmoja, kama majani ya mgomba yaliyobebwa na maji ya mfereji, na kwa sababu hiyo hupasuka kwa vibao. Jiwe lenye mwelekeo halina nguvu moja, lina nguvu kadhaa: likilazwa kama lilivyolala, tabaka juu ya tabaka, hubeba sana, likisimamishwa wima, tabaka zake zinaweza kubanduka kwa nje kama kurasa, na likiinamishwa, mzigo ukiingia kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45 hivi, tabaka huteleza moja juu ya nyingine, na hapo ndipo lilipo dhaifu kabisa. Waashi wa zamani wa mawe ya mchanga huko Ulaya walikuwa na sheria ya kulilaza kila jiwe ukutani kama lilivyolala mwambani. Sheria hiyo inafaa Arusha vilevile, nami huumia ninapoona vibao vizuri vimesimamishwa kwa ukingo ukutani kwa sababu tu upande mpana unapendeza.

Maji ndiyo mtihani wa mwisho wa umbile, na huu niliulipia mwenyewe. Nilipojenga uzio wa nyumba Njiro, nilikubali mawe ya majivu yatumike hata kwenye kozi, yaani safu, za chini, kwa kuwa yalikuwa rahisi kuchonga na fundi aliniahidi kumaliza mapema. Ukuta ulinyooka kwa timazi, hapakuwa na la kulalamikia. Baada ya masika mawili, kozi iliyo juu kidogo ya ardhi ilianza kubanduka kwa magamba, na kidole changu kikaingia mahali ambapo zamani palikuwa na uso wa jiwe. Kozi za juu hazikuwa na alama. Sababu ilikuwa wazi mara nilipoacha kumlaumu fundi: matundu membamba ya tufu hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, udongo wa mfinyanzi uliomo katikati ya chembe hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka, na chumvi zinazobaki maji yakiondoka huota ndani ya vinyweleo na kuvisukuma. Tufu lenye udongo mwingi linaweza kupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi kwa kulowa tu, wakati basalti iliyoshiba hubadilika kidogo sana. Si kila basalti ya kuaminiwa, lakini. Aina zenye madini ya jamii ya nefelini, ambazo volkano za ukanda wetu zinazo, wakati mwingine hupatwa na ugonjwa ambao Wajerumani waliuita kuungua kwa jua: madoa ya kijivu hutokea usoni, kisha jiwe lililoonekana kama chuma humomonyoka na kuwa changarawe.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani nashauri tufu liachwe kabisa. La. Tufanye hesabu ndogo. Ukuta wa mita 3 kwenda juu, wa mawe yenye uzito wa kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, huweka kilo 6,000 juu ya kila mita ya mraba ya kozi yake ya chini. Hizo ni kama megapaskali 0.06. Tufu hafifu la megapaskali 5 lina nguvu zaidi ya mara 80 ya hiyo. Ongeza paa, ongeza hata ghorofa, bado hujakaribia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyojaa matundu, na kuta zake zimesimama kwa karne nyingi. Swali la kuuliza, basi, si kama jiwe litapondwa na mzigo wa nyumba. Ni wapi mzigo utakusanyika, wapi jiwe litavutwa badala ya kubanwa, na wapi litalowa.

Mawe mawili yasiyochongwa vizuri hayagusani kwa uso mzima, hugusana kwa nundu tatu au nne, na hapo mzigo ule mdogo wa hesabu yetu huwa mkubwa mno. Mota, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, ndiyo inayousambaza, na mota nayo hupenda umbile fulani. Jiwe la mtoni, la mto Karanga wa Moshi au Themi wa Arusha, limekwisha kufanyiwa usaili na maji. Mawe dhaifu yalisagwa njiani na kuwa mchanga, hivyo yaliyobaki ni yenye nguvu. Lakini uso wake ni laini na halinyonyi maji, na saruji hulishika kwa shida. Ni lazima lipasuliwe ili lipate uso mkavu wenye mikwaruzo. Jiwe la matundu hushikwa vizuri kuliko yote, kwa sababu mota huingia na kujifunga humo kama jino. Tufu nalo lina njaa ya maji, na likijengwa likiwa kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijakaza, ikabaki unga unaokwanguka kwa ukucha; ndiyo maana fundi makini hulimwagia maji kabla ya kulilaza. Mpango wenye akili, kwa nyumba ya kawaida ya kwetu, ni basalti au fonoliti chini hadi juu ya kiwango ambacho matone ya mvua hurukia, tabaka la kuzuia unyevu juu yake, kisha tufu kwa ukuta uliobaki, ambako wepesi wake, urahisi wa kuchongwa na uwezo wake wa kuzuia joto la mchana ni faida tupu.

Asiye na sikio la yule mzee wa Majengo anaweza kutumia mizani na ndoo. Kausha jiwe juani siku kadhaa, lipime, lizamishe ndani ya maji usiku kucha, lifute uso, lipime tena. Jiwe la kilo 10 likirudi na kilo 10.1 au 10.2 linafaa msingi. Likirudi na kilo 11 lina kiu, libakie juu. Nilifanya hivyo, kwa kuchelewa, na kipande kilichobanduka kwenye uzio wangu: kilo 4 kikiwa kikavu, karibu kilo 5 asubuhi yake. Nilipokigonga kikavu kilikuwa na ile sauti ya boga. Nilipokigonga kilicholowa hakikutoa sauti yoyote ya kutajika, na nilipokirudisha kwenye ndoo kiliniachia ujiuji wa kijivu kiganjani.